Ĩ na Ũ: Jinsi Herufi za Meru na Embu Zilivyoingia Kwenye Kompyuta

Andika neno mũgwanja, yaani saba kwa Kiembu, ulihifadhi, kisha ufungue faili hilo kwa programu inayokosea kukisia usimbaji wake. Utaona mÅ©gwanja. Faili ni zima. Katika usimbaji wa UTF-8 herufi ũ huandikwa kwa baiti mbili, C5 na A9, na programu imezisoma kila moja peke yake: Å ya Waskandinavia, kisha alama ya hakimiliki.

Kiembu na Kimeru vina irabu saba; alfabeti ya Kilatini ina tano. Pengo hilo huzibwa na ĩ na ũ. ASCII, jedwali la herufi la mwaka 1963 lenye nafasi 128, haikuwa nazo. Mwaka 1987 Wagiriki walipata jedwali lao, ISO 8859-7. Jedwali la Ulaya Magharibi, 8859-1, liliweka alama ya wimbi juu ya a, n na o, kwa sababu Wareno na Wahispania walizihitaji. Juu ya i na u, hapana. Miji ya Runyenjes (Embu) na Maua (Meru) haikutengenezewa jedwali lolote.

Mkombozi alitoka mbali: Greenland. Tahajia ya zamani ya lugha ya kisiwa hicho ilitumia herufi hizohizo, na 8859-4 ya mwaka 1988 ikazipa nafasi. Kivietinamu nacho kinazo. Unicode, jedwali moja la lugha zote, ilipotoka mwaka 1991 ilizipokea zote mbili, ĩ kwa namba 0129 na ũ kwa 0169. Mwandishi wa Kimeru akarithi kazi iliyofanyiwa wengine, na ni bahati kubwa.

Kwenye SMS mambo ni magumu zaidi. Jedwali la kawaida la GSM, mfumo wa simu za mkononi, lina herufi kubwa kumi za Kigiriki, kama Δ na Ω, lakini halina ũ. Ukiiweka hata mara moja, ujumbe wote hubadilishiwa usimbaji, na nafasi 160 zinashuka hadi 70. Ndiyo maana wengi huandika u tupu na kumwachia msomaji akisie.

Hata hivyo, lugha hizi zimo ndani ya CLDR, hazina ambamo programu huchota majina ya siku na miezi: Kiembu kwa msimbo ebu, Kimeru kwa mer. Humo Julai ya Kiembu ni Mweri wa mũgwanja.

Tatizo lililobaki halionekani kwa macho. Ũ yaweza kuandikwa kwa namba moja, 0169, au kwa u ikifuatwa na alama ya wimbi inayojitegemea, 0303. Kwenye skrini ni mapacha. Kwa baadhi ya programu za kutafuta ni maneno mawili tofauti, na jina la mtu huweza kukosekana kwenye orodha ambamo limo. Dawa yake ni kanuni ya NFC, inayounganisha jozi hiyo kuwa herufi moja. Anayekusanya maandishi ya Kimeru na Kiembu ayahifadhi kwa UTF-8 na kuyapitisha kwenye NFC kabla ya kuyaweka pamoja.