Mzururaji, Machinga, Mjasiriamali: Majina ya Kazi baada ya Ujamaa

Mchumi huhesabu kazi zilizopotea. Mwanachuoni wa lugha yampasa kuuliza waliozipoteza waliitwaje. Katika Tanzania swali hili lina uzito, kwa kuwa mtu yule yule, mwenye nguo chache begani, amepewa majina matatu katika muda usiofika miaka arobaini.

Chini ya Sheria ya Nguvukazi ya 1983, asiyekuwa na kazi iliyotambuliwa alihesabiwa kuwa mzururaji. Katika Dar es Salaam wengi walikamatwa wakapelekwa vijijini. Kisha yakaja mapatano ya 1986 na Shirika la Fedha la Kimataifa, na baadaye sheria ya 1992 iliyofungua njia ya kuuza mashirika ya umma. Watu kwa maelfu wakapoteza kazi, nayo lugha ya ofisi ikasema kwamba "wamepunguzwa". Kitenzi hiki twakijua: hupunguzwa chumvi, hupunguzwa mzigo. Hapa kimemfanya mtu kuwa kiasi, na kwa kauli ya kutendwa mtendaji amefichika.

Mtaani likashika neno machinga, jina la watu wa upande wa Lindi lililogeuka kuwa jina la kazi. Aghalabu halichukui tena m- wala wa-, ila upatanisho umebaki ule wa watu: machinga wawili wamefika. Wasemaji wenyewe wamelitia katika sarufi yao bila kuamrishwa.

Mjasiriamali ni neno la namna nyingine. Limeundwa kwa jasiri na mali, na kwa umbo halina ila. Upungufu wake u katika maana, maana humweka mwenye kiwanda na mwuza karanga chini ya jina moja. Desemba 2018, Rais John Magufuli alipoanza kutoa vitambulisho kwa ada ya shilingi 20,000, wachuuzi waliandikwa wajasiriamali wadogo. Ujasiri wao wasifiwa, mali hawanayo. Tena aitwaye hivyo hana mwajiri wa kumdai likizo wala pensheni.

Watungaji wa kamusi, basi, wasiridhike na fasili ya sifa tupu. Na waonyeshe neno lilianza kutumika lini, na nani alimwita nani kwalo. Nasi tunalo neno la kale, mchuuzi, litajalo kazi yenyewe pasipo kumshtaki mtu wala kumpamba.