Lignini Iende Wapi? Somo la Enstra kwa Kisangani

Mwaka 1970 kiwanda cha karatasi cha Sappi huko Enstra, Afrika Kusini, kilianza kuondoa lignini kwa oksijeni, cha kwanza duniani kuifanya kazi hiyo kibiashara. Sisi wa Kisangani, ambao magogo ya Tshopo hupita mbele yetu yakiteremka mto kwenda Kinshasa, yatupasa kujua ilivyofanyika.

Lignini ndiyo inayoshikamanisha nyuzi za selulosi ndani ya mti. Vipande vya mti vikipikwa kwa soda kostiki na salfidi ya sodiamu, sehemu kubwa hutoka. Lakini ukizidisha kupika, selulosi nayo huharibika, kwa hiyo rojo la nyuzi huepuliwa likiwa bado la kahawia. Zamani lignini iliyosalia iliondolewa kwa klorini. Maji yake hayakuweza kurudishwa kwenye tanuri la kurejesha kemikali, maana kloridi hula chuma, basi yakaishia mtoni.

Oksijeni hufanya kazi kwa njia nyingine. Rojo hutiwa soda kostiki, likapashwa moto hadi nyuzi 90 au 110 za Selsiasi, kisha oksijeni ikasukumwa ndani kwa shinikizo. Soda huzipokonya fenoli za lignini haidrojeni. Oksijeni nayo huzivuta elektroni. Pete za kaboni hupasuka, zikawa asidi zinazoyeyuka.

Ugumu ulikuwa kuinusuru selulosi. Chembechembe za chuma, shaba na manganizi zilizomo kwenye rojo huzivunja peroksidi zinazotokea humo, zikazaa radikali za haidroksili zinazokata chochote zinachokutana nacho. Katika miaka ya 1950 Wasovieti Nikitin na Akim walithibitisha kwamba oksijeni huondoa lignini, ila nyuzi zilidhoofika. Mwongo uliofuata, Alain Robert na wenzake huko Ufaransa waligundua kwamba chumvi kidogo ya magnesi huzifunga metali hizo. Hapo ndipo kiwanda kikawezekana.

Hata hivyo oksijeni huishia kwenye takriban nusu ya lignini iliyobaki. Ukiilazimisha zaidi, selulosi hukatika. Faida yake kubwa ni kwamba maji yake hayana klorini: hurudi kwenye tanuri, lignini ikaungua na kutoa mvuke, soda ikarejeshwa kazini.

Atakayekuja kutaka kujenga kiwanda cha rojo Tshopo aulizwe kwanza lignini itakwenda wapi. Tangu Enstra, kujibu kwamba itamwagwa mtoni hakuna udhuru wa kikemia.