Mbayuwayu Ni Mgeni wa Nani?

Kuna kitabu ambacho kila mtu wa darubini Kenya anacho au anakitamani: Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe. Kilitoka 2002, toleo la pili 2020. Ndege zaidi ya 1,300 wa nchi tano, picha upande mmoja, maelezo na ramani upande wa pili. Bei yake si mchezo, mimi nasoma cha kuazima. Na nakisoma kama riwaya: kina wenyeji, kina wageni, na kuna mtu ameamua nani ni nani.

Chukua mbayuwayu wa kawaida, yule mwenye koo jekundu. Kuanzia Septemba wanamiminika Migori na Homa Bay kutoka kaskazini, wanajipanga kwenye nyaya za stima. Ulaya huo ni msimu wa majani kupukutika, ambao vitabu vyetu vya shule viliuita vuli. Huku vuli ni mvua. Dani yangu anaiita opon, na watu wako shambani. Kitabu kinamhesabu mbayuwayu huyu kama mhamiaji. Sawa, hatagi hapa. Lakini tunaye hadi Aprili, zaidi ya nusu ya mwaka. Wengi wa wale wa Oktoba ni makinda wa mwaka huu, mikia mifupi, rangi imepauka. Manyoya mapya yanaota huku Afrika, kwa wadudu wetu. Ile mikia mirefu wanayoisifu Uingereza ikifika Aprili, sisi ndio tuliilisha. Kwani mgeni ni nani hapo?

Ndiyo maana Ruma inanisumbua. Watu huifuata hifadhi hii ya bonde la Lambwe, kilomita za mraba kama 120, kwa ajili ya korongo, yule swala mkubwa ambaye Kenya nzima amebaki hapo tu. (Kiswahili nacho kina utani wake. Korongo pia ni ndege, kwa hiyo ukiambiwa korongo wameonekana Ruma, uliza wana miguu mingapi.) Hazina nyingine ni mbayuwayu wa buluu, ambaye ulimwenguni kote yuko hatarini. Yeye huingia Aprili na kuondoka Septemba, kwenda kutaga kwenye nyasi za nyanda za juu, kuanzia Tanzania hadi Afrika Kusini. Yaani anatoka yule wa Ulaya akiingia. Msafara wa Oktoba unakuta kiti bado kina joto, mwenyewe hayupo.

Kitabu cha aina hii kinawapa wote wawili kipimo kimoja: picha ndogo, mistari michache, ramani. Awe wa kila waya au wa doa moja tu. Usahihi upo, uzito haupo. Nyasi za Ruma zikigeuka vichaka, doa lile litafutwa kimyakimya katika toleo lijalo, na ukurasa utabaki nadhifu vilevile.

Dani naye simtetei. Kwake wote ni opija, anayekuja na anayekwenda. Neno lina ukarimu, lakini haliwezi kukuambia kwamba mmoja wao ameacha kurudi. Kwa hilo nawahitaji Stevenson na Fanshawe, na ukavu wao wote.

Ukikipata basi, usingoje Oktoba. Panda matatu mwezi wa tano, nyasi zikiwa ndefu, umtafute ndege anayeonekana mweusi hadi ageuke juani.