Ufundi wa Saa Kumi

Mkate ukishakatwa huanza kukauka papo hapo. Anayeandaa sandwichi ya tango kwa ajili ya chai ya alasiri ana muda mfupi sana kati ya kisu na meza, na kila anachofanya katika muda huo kina sababu yake. Tango amelimenya, amelikata vipande vyembamba hata mwanga unapenya, amelinyunyizia chumvi kidogo na kuliacha litoe maji, kisha amelikausha kwa kitambaa. Siagi ameipaka mpaka ukingoni kabisa, kwa sababu mafuta yake ndiyo yanayozuia unyevu wa tango usiulowanishe mkate. Maganda ya mkate hayaondoi mwanzo. Huyaondoa mwisho, sandwichi ikiwa imeshapangwa na kukandamizwa kidogo kwa kiganja, ili kingo zote zitoke sawasawa. Kisu ni kirefu, chenye meno, na hufutwa kila baada ya mkato. Vipande vikishakuwa tayari hufunikwa kwa kitambaa kibichi mpaka mhudumu aje kuvichukua. Mgeni atakimaliza kila kimoja kwa kutafuna mara mbili tatu.

Nimeanza na tango kwa makusudi. Wengi wetu tukisikia habari za chai ya alasiri katika hoteli za kifahari za London tunafikiria mataa makubwa ya vioo, kuta zilizopakwa dhahabu, na bei. Bei ni kubwa kweli: pale Ritz mtu mmoja hulipa zaidi ya pauni 70. Lakini dhahabu ya ukutani hununuliwa na yeyote mwenye fedha. Kinachonivuta mimi, na ninachotaka kukisifu hapa, ni ufundi wa kuvifikisha mezani vitu vyenye umri mfupi, kila kimoja kikiwa katika saa yake njema. Sandwichi haikai. Skonzi ikipoa imekwisha. Chai iliyoachwa ndani ya buli pamoja na majani yake hupita dakika nne au tano tu kabla haijaanza kukwaruza ulimi. Hakuna kati ya hivi kinachoweza kumsubiri mwenzake, na juu ya yote hayo, mgeni hatakiwi hata kidogo kuhisi kwamba kuna mtu anatazama saa.

Desturi yenyewe inasimuliwa kuwa ilianza mnamo mwaka 1840 hivi kwa Anna, mke wa Duke wa saba wa Bedford. Wakati huo chakula cha usiku cha mabwana wa Uingereza kilikuwa kimesogezwa mpaka saa mbili, na kile cha mchana kilikuwa kidogo, basi ikifika saa kumi bibi huyu alihisi unyonge wa njaa. Akawa anaagiza chai, mkate na siagi chumbani kwake, kisha akaanza kuwaita rafiki zake. Hoteli ziliidaka desturi hiyo baadaye. Langham, iliyofunguliwa mwaka 1865, hadi leo hujivunia kuwa miongoni mwa za kwanza kuiandaa ukumbini. Kwangu mimi, hata hivyo, chai hii ilipata uzito wake nje ya majumba ya mabwana. Mwaka 1864 kampuni moja ya mikate, Aerated Bread Company, ilifungua mkahawa wa chai jijini London, na mwaka 1894 Lyons wakafungua wa kwao katika barabara ya Piccadilly. Humo mwanamke aliweza kuingia peke yake au na mwenzake, bila mume wala kaka wa kumsindikiza, akaketi, akahudumiwa kwa heshima na asitazamwe vibaya. Wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walikutana katika mikahawa ya namna hiyo. Kikombe cha chai kiliwapa mahali pa kukaa.

Ritz ilifunguliwa katika barabara hiyohiyo ya Piccadilly mwezi Mei mwaka 1906. César Ritz, ambaye jina lake limeandikwa mlangoni, alikuwa mtoto wa 13 wa wakulima wa kijiji cha Niederwald, huko Uswisi, na kabla hajawa bwana wa hoteli alikuwa akibeba sinia mezani mwa wengine. Hilo halinishangazi. Ukitazama namna kazi inavyopangwa katika hoteli za daraja hilo, utaona imepangwa na mtu anayejua sinia lina uzito gani na mlango wa jikoni unafunguka kuelekea upande upi.

Sasa niseme habari za skonzi, maana hapa ndipo ninapoweza kukaa kutwa nzima. Si zile skonzi za hamira, laini na tamu, tunazonunua dukani Nairobi. Hizi huumuliwa na beking pauda, kitu kilichotengenezwa mwaka 1843 na mkemia wa Birmingham aitwaye Alfred Bird, kwa sababu mkewe alikuwa hapatani na hamira. Siagi huingia ikiwa baridi na husuguliwa ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka unga uwe kama chenga. Viganja havitumiki, kwa kuwa vina joto na siagi ikiyeyuka mapema kazi imeharibika. Maziwa yakishatiwa, donge huguswa kidogo kadiri inavyowezekana. Likikandwa kama la chapati linakuwa gumu. Kisha hukandamizwa mpaka unene wa vidole viwili na kukatwa kwa kikatio cha duara. Mkono hushuka wima na kupanda wima. Mwanagenzi hupenda kukizungusha kikatio ili donge liachie, na kwa kufanya hivyo huziba ukingo, skonzi ikapanda upande mmoja na kuegama. Ukiiona skonzi iliyosimama wima, yenye mpasuko kiunoni ambao unaweza kuufungua kwa mikono bila kisu, jua kuna mtu aliyeshusha mkono wake wima.

Skonzi huokwa kwa takriban dakika 12 katika joto kali, na ndiyo sababu hoteli makini haiipandishi kwenye kile kibao cha ghorofa tatu pamoja na sandwichi. Sandwichi huja kwanza, huliwa kwa utulivu, na wakati huohuo trei inaingia tanurini. Skonzi hufika zimefungwa ndani ya kitambaa cheupe, na kitambaa kikifunuliwa mvuke unatoka. Pembeni kuna jemu ya stroberi na ile krimu nzito ya magharibi ya Uingereza, yenye utando wa manjano juu yake. Krimu ya Cornwall inalindwa kisheria tangu 1998 na haina budi kuwa na mafuta yasiyopungua asilimia 55. Watu wa Devon hupaka krimu kwanza, wa Cornwall jemu kwanza, na wanabishana kwa bidii. Mimi ni wa Cornwall katika jambo hili: krimu iliyopakwa juu ya skonzi ya moto huyeyuka kabla haijafika mdomoni, lakini ikikaa juu ya jemu hubaki baridi, na utamu wote uko katika kukutana kwa baridi na moto.

Vijikeki vya ghorofa ya juu ni vizuri kutazama. Ninavipita.

Chai ndiyo kiini, na juu ya chai nilifunzwa na shangazi yangu. Yeye amelima chai kwenye miteremko ya Kirinyaga maisha yake yote ya utu uzima, na alipokuja kutembelea London nilimpeleka katika hoteli moja kubwa karibu na Hyde Park. Akaagiza chai nyeusi ya Kenya, ya majani mazima. Ilipoletwa, hakugusa kikombe. Alimwomba kijana aliyetuhudumia amwonyeshe majani yaliyomo ndani ya buli. Yule kijana hakushangaa wala hakutabasamu kwa adabu ya kazini. Alikwenda, akarudi na kisahani cheupe, akayamwaga majani yaliyolowa na kukisukuma mbele ya shangazi kwa mikono miwili. Shangazi akayatandaza kwa kidole cha shahada, moja moja.

“Tazama,” akaniambia. “Majani mawili na kichipukizi. Hata hili. Na hili.”

“Shangazi, chai inapoa.”

“Iache ipoe kidogo, mwanangu. Miaka yote nimeuza majani haya, lakini sijawahi kuyaona yakifunguka tena.”

Alikuwa anasema kweli tupu. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hupitishwa katika mashine za kuponda, kurarua na kuviringa, ikatoka punje ndogo ngumu zinazotoa rangi haraka. Ni njia iliyobuniwa Assam katika miaka ya 1930, nayo ndiyo inayotupa ile chai yetu nzito ya kuchemshwa na maziwa kwenye sufuria, ambayo siibadilishi na yoyote asubuhi. Lakini punje haifunguki. Ile aliyokuwa anaitazama ilikuwa imenyaushwa, ikasokotwa polepole bila kupasuliwa, ikaachwa igeuke rangi kwa hewa, ndipo ikakaushwa. Jani kama hilo likikutana na maji ya moto hurudia umbo lake, na mtu aliyelichuma anaweza kulitambua.

Alipoinua kikombe, alitazama juu ya chai kabla ya kunywa. Hapakuwa na utando. Maji ya London ni magumu, yamejaa chokaa, na nyumbani kwangu kila kikombe huwa na ngozi nyembamba inayong’aa kama mafuta. Hoteli inayojali huchuja maji yake. Tena huyamimina yakiwa yanatokota hasa. Kwa shangazi, kwenye mwinuko unaokaribia mita 2,000, maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi. Hapa yanakaribia 100, na jani lilelile hutoa kitu kingine. Alikunywa, akanyamaza, akanywa tena. “Ina nguvu lakini haipigi kelele,” akasema.

Tangu siku ile nimekuwa nikihesabu mafundi wa meza ile kuanzia mbali zaidi. Kuna mchumaji, ambaye hurudi kwenye kichaka kilekile kila baada ya wiki moja au mbili, huchuma juu tu ya meza ya kichaka, ule uso wake bapa, na kuacha jani gumu. Hayashindilii majani ndani ya kapu au gunia, kwa maana yakishindiliwa hupata joto na kuanza kubadilika kabla ya wakati. Nayo yanatakiwa kufika kituo cha kununulia, na kutoka hapo kiwandani, siku hiyohiyo. Wakulima wadogo wanaouza kupitia shirika la chai la KTDA ni zaidi ya 600,000. Kuna waonjaji wa Mombasa, ambako mnada umekuwa ukifanyika tangu 1969 na ambako huuzwa chai ya Kenya pamoja na ya Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Mwonjaji hupita kwenye safu ndefu ya bakuli nyeupe, hufyonza kijiko kimoja kwa kishindo ili chai itapakae kinywani pamoja na hewa, hutema, husema neno moja au mawili na kusonga mbele. Kwa kufyonza huko anaweza kukuambia kama majani yalinyaushwa kupita kiasi au moto wa kukaushia ulizidi. Na yeye pia anashindana na muda kama yule wa tango.

Linaloniuma ni kwamba orodha za chai za hoteli hizi huandika mashamba ya Darjeeling kwa majina, pamoja na msimu wa kuchuma, ilhali chai yetu ya Afrika Mashariki mara nyingi huingia katika mchanganyiko wa kifungua kinywa wa Kiingereza, ikatoa rangi na nguvu bila kutajwa. Kirinyaga ni jina. Kericho ni jina, na Nandi, na Rungwe. Viwanda vinavyotengeneza majani mazima vipo, na kazi yao inasimama mbele ya yeyote. Viandikwe.

Amebaki mhudumu, ambaye kwangu ndiye fundi wa mwisho na mgumu kuliko wote, kwa sababu akifanya kazi yake sawasawa huioni. Buli la fedha ni zito na mkono wake hushika moto. Yeye hulimimina juu ya kichujio bila tone kuanguka kwenye kisahani, kisha huzungusha kikombe ili mkono wake uelekee kidole chako. Hakuulizi kama chai imekwisha. Hutazama namna unavyokiinamisha kikombe: anayenywa kikombe kilichojaa hukiinua kidogo tu, anayekaribia chini hurudisha kichwa nyuma. Akiona kichwa kimerudi nyuma, anakuja. Nani anatia maziwa, nani hataki sukari, anakumbuka baada ya kusikia mara moja. Sandwichi zikipungua huletwa nyingine bila kuombwa, nazo huja zimekatwa muda huohuo.

Tena ana hesabu ngumu kuliko ya mpishi. Pale Ritz zamu ya kwanza ya chai huketi saa tano na nusu asubuhi na ya mwisho saa moja na nusu usiku, na kati yao meza ileile hubadilisha wageni kila baada ya saa mbili. Kuna bibi aliyekuja kusherehekea miaka 80 na wajukuu zake, ambaye hapaswi kuharakishwa hata kwa jicho, na kuna waliolipa kwa ajili ya saa kumi na moja na nusu. Mhudumu mzuri huanza kuiandaa saa hiyo tangu saa tisa na nusu: huleta sandwichi mapema kidogo kwa meza inayoongea sana, huchelewesha skonzi kwa meza inayokula haraka, huondoa sahani moja sasa na nyingine baadaye badala ya kuzikusanya zote kwa mkupuo, na huuliza juu ya keki ya kufungiwa nyumbani wakati bibi mwenyewe ameanza kutafuta mkoba wake. Wanapoinuka, bibi anadhani ni yeye aliyeamua kuondoka, na kitambaa cha meza kinabadilishwa kabla hajafika kwenye ngazi.