Sabato na Hesabu ya Siku katika Kiswahili

Torati ya Wayahudi yaamuru siku ya saba iwe Sabato, siku ya pumziko. Msukuma wa Shinyanga, au mchimba dhahabu wa Geita, aisomapo amri hiyo katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, hukuta tatizo: Sabato ni Jumamosi, na Jumamosi, kwa jina lake, ni siku ya mosi. Hesabu yaanzia baada ya Ijumaa, siku ya sala ya Waislamu. Alhamisi pekee, yaani “ya tano” kwa Kiarabu, yalingana na hesabu ya Kiebrania. Ndiyo maana juma la Kiswahili lina siku mbili za tano, Jumatano ikiwa ya pili! Mabishano ya Wasabato na washika Jumapili hayasaidiwi na majina haya.

Jambo la jioni ni zito zaidi. Sabato huingia jua la Ijumaa likichwa. Kwa desturi ya pwani, “usiku wa Jumamosi” ndio usiku huo hasa; bara, maneno hayo aghalabu huchukuliwa kuwa usiku unaofuata, Sabato ikiwa imekwisha kutoka. Mfasiri aandikaye “Sabato” na kunyamaza ameepuka kosa, lakini siku yenyewe hakuitaja.