Kutafuna Kunapoamsha Ghadhabu: Jinsi Tiba ya Misofonia Ilivyojengwa Amsterdam

Kutafuna, kufyonza chai, kupumua kwa nguvu puani, kubofyabofya kalamu: kwa mwenye misofonia, sauti hizi huamsha hasira na kinyaa papo hapo. Mwenyewe anajua fika kwamba aliyeketi kando yake hana kosa, lakini kujua huko hakumtulizi. Pawel na Margaret Jastreboff waliipa hali hii jina mwaka 2001, ila miaka ilipita bila tiba iliyopimwa kwa utaratibu. Tiba hiyo ilikuja kujengwa Amsterdam, Uholanzi.

Madaktari wa akili wa hospitali ya chuo kikuu jijini humo, wakiwemo Arjan Schröder, Nienke Vulink na Damiaan Denys, walianza kwa kuwasikiliza wagonjwa. Mwaka 2013 walichapisha maelezo ya wagonjwa 42, pamoja na vigezo vya kuitambua hali hii na kipimo cha ukali wake. Waligundua kwamba hisia inayotangulia si woga, na hapo ndipo ulipo msingi wa kazi yao yote. Anayeogopa buibui husogezwa karibu na buibui kidogokidogo mpaka mwili uzoee. Hasira na kinyaa havizoeleki kwa urahisi kwa njia hiyo. Ukimlazimisha mgonjwa asikilize mtu akitafuna kwa saa nzima, huenda akatoka na ghadhabu kubwa kuliko aliyoingia nayo.

Kwa hiyo walitumia tiba ya fikra na tabia, inayofanywa katika vikundi, wakaitengenezea mazoezi ya aina yake. La kwanza ni la umakini: mgonjwa hujifunza kuyatoa mawazo yake kwenye sauti na kuyarudisha kwenye kazi au mazungumzo yaliyo mbele yake. La pili ni kuibebesha sauti maana mpya, yaani kuiambatanisha na picha au kumbukumbu inayompendeza mgonjwa mwenyewe, tena na tena, mpaka ule uhusiano wa zamani ulegee. La tatu naliona ndilo la kibunifu zaidi. Mgonjwa huichukua sauti inayomtesa katika kompyuta na kuichezea mwenyewe: anaiharakisha, anaipunguza kasi, anaipandisha au kuishusha. Sauti iliyokuwa ikimtawala sasa inamtii. Yako pia mazoezi ya kulegeza mwili.

Mantiki ya mpangilio huu inaungwa mkono na uchunguzi wa ubongo. Mwaka 2017 Sukhbinder Kumar na wenzake wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba kwa watu hawa sauti chokozi huamsha kupita kiasi insula ya mbele, sehemu ya ubongo inayosaidia kuamua kipi kinastahili kuzingatiwa. Mwaka 2021 wakaonyesha pia uhusiano na eneo linaloongoza misuli ya mdomo na uso. Tatizo basi haliko katika ukali wa masikio, na ndiyo maana tiba inashughulikia kile ambacho ubongo umekifunga pamoja na sauti.

Je, ilifanya kazi? Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2021, wagonjwa 54 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilipata tiba kila wiki kwa miezi 3, jingine likasubiri zamu yake. Waliopata nafuu ya wazi walikuwa 37% kwa waliotibiwa na 0% kwa waliosubiri, na baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwa bado ipo. Naiheshimu kazi hii, lakini idadi hiyo isipambwe, kwani wengi hawakufikia kiwango hicho cha nafuu. Vilevile, kulinganisha na watu wanaosubiri tu hakutenganishi nguvu ya mazoezi na faraja ya kukaa na wenzako wanaokuelewa. Bado panahitajika jaribio linalolinganisha tiba hii na tiba nyingine.

Nasi tunaokula pamoja katika sinia moja tuna la kuzingatia. Mtoto anayeinuka kila mara wenzake wanapoanza kutafuna huhesabiwa kuwa hana adabu. Tusimchape, wala tusimwache aishi na vizibo masikioni kutwa, maana ukimya wa kudumu unaweza kuyafanya masikio yawe mepesi zaidi kuumizwa na sauti. Wanasaikolojia wetu wa Dar es Salaam na Nairobi, mazoezi haya hayahitaji mashine za gharama: simu inayorekodi sauti, chumba na kikundi cha watu wachache vinatosha kuanzia. Anzeni.