Mlango Uliofunguka Nusu: Mchoraji kama Msomaji wa Hadithi

Mchoraji wa picha za hadithi ni msomaji kabla hajawa msanii. Aghalabu ukweli huu husahauliwa, na picha ikachukuliwa kuwa pambo tu la diwani. Ilhali msomaji, hasa mwanafunzi, akishaonyeshwa sura ya mhusika, ni vigumu kumwona vinginevyo. Kosa la mchoraji aliyesoma mara moja hugeuka kosa la wasomaji wengi. Die Verwandlung, hadithi ya Franz Kafka iliyochapishwa mwaka 1915, inalibainisha jambo hili.

Gregor Samsa, mchuuzi msafiri wa vitambaa, anaamka asubuhi akiwa amegeuka kiumbe cha kuchukiza. Neno la Kijerumani alilolichagua Kafka, Ungeziefer, hutaja viumbe waharibifu kwa jumla, si aina moja mahususi. Kiswahili kinalikaribia kwa neno dudu, ambalo hutoa ukubwa na karaha bila kutoa jina. Msomaji wa haraka atashikilia kwamba jina limo, kwani karibu na mwisho Gregor anaitwa mdudu abiringishaye mavi. Akiurudia ukurasa huo atagundua kwamba anayenena ni mtumishi mzee, kwa utani wake mwenyewe, wala si msimulizi.

Kafka aliihofia picha ya namna hiyo. Aliposikia kwamba Ottomar Starke angechora jalada la kitabu, alimwandikia mchapishaji wake tarehe 25 Oktoba 1915 akisihi mdudu asichorwe kabisa, hata kwa mbali. Alipendekeza wachorwe wazazi na karani mkuu mbele ya mlango uliofungwa, au wazazi na dada katika chumba chenye mwanga, mlango wa chumba cha giza ukiwa wazi.

Jalada lililotoka linamwonyesha mtu aliyevaa joho la nyumbani, amejifunika uso kwa mikono, akiuacha nyuma mlango uliofunguka nusu; ndani ni giza tupu. Anayeirejelea sehemu ya kwanza ya hadithi atakumbuka kwamba baba, alipomwona mwanawe, alijiziba macho kwa mikono akalia. Joho nalo linatajwa katika sehemu ya pili, Gregor anapomkumbuka baba yake wa zamani. Maelezo hayo hayako ukurasa mmoja; huunganishwa na kumbukumbu ya msomaji aliyerudi.

Yuko aliyefanya kinyume. Vladimir Nabokov, mwandishi aliyekuwa pia mtaalamu wa wadudu, alimchora Gregor katika nakala aliyoifundishia chuoni Cornell, Marekani. Kutokana na mgongo uliobinuka, miguu midogo na taya zilizozungusha ufunguo, alihitimisha kwamba ni mbawakawa, wala si mende. Huo nao ni usomaji makini. Hata hivyo, mchoro wake ulikuwa chombo cha kufundishia watu waliokwisha kuisoma hadithi, ilhali jalada humkabili msomaji kabla ya sentensi ya kwanza.

Basi kusoma kwa kurudia hakumpi mchoraji orodha ya vitu vya kuchora tu. Humfunza pia nani anasema nini, na ni kipi ambacho hadithi imekusudia kukificha. Mchoraji anayekabidhiwa muhtasari badala ya hadithi yenyewe hawezi kuijua mipaka hiyo. Atauchora mlango wazi kabisa, na kumnyima msomaji haki ya kuufungua mwenyewe.